Gari la Shamba: Nta Mara kwa Mara, Polishi kwa Nadra

Wakulima wengi siku hizi wana pikapu au lori dogo la kuchukulia maziwa, mboga, mbegu na mbolea. Gari la namna hii ni mali kubwa, na kwa wengine ni mali ya pili baada ya shamba lenyewe. Mtu hulinunua kwa fedha alizoweka miaka mingi, au kwa mkopo wa chama chake cha ushirika. Hutumaini kwamba litamtumikia miaka kumi au zaidi, na kwamba siku atakapotaka kuliuza litapata bei nzuri. Kwa hiyo injini huitunza: hubadilisha mafuta, hutazama maji ya rejeta, hupiga grisi. Lakini rangi je?

Katika utunzaji wa rangi kuna makosa ya namna mbili. Wako wanaoiacha rangi kabisa, wakisema kwamba gari la shamba si gari la arusi. Tena wako wanaopenda sana gari ling'ae, nao hulisugua kwa polishi kila mwezi, hata kila juma. Watu hawa wawili hawafanani, lakini njia zao zinakutana mahali pamoja, yaani kwenye kutu na hasara. Katika makala haya tutaeleza gari lipakwe nta mara ngapi, lipigwe polishi mara ngapi, na kwa nini hesabu za kazi hizo mbili si moja.

NTA NA POLISHI SI KITU KIMOJA

Dukani mikebe ya nta na mikebe ya polishi hukaa katika rafu moja, na watu wengi huviita vyote polishi. Hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Polishi ina chembe ndogo mno za kukwaruza, mfano wa msasa laini sana. Ukiisugua juu ya rangi, huondoa ngozi ya juu iliyofubaa au iliyokwaruzika, na rangi iliyo chini yake hung'aa. Maana yake ni kwamba kila unapopiga polishi unaondoa rangi kidogo, na rangi iliyoondoka hairudi.

Nta haiondoi kitu. Hukaa juu ya rangi kama koti la mvua, ikizuia maji, vumbi, mavi ya ndege na utomvu wa miti visishike rangi yenyewe. Jua na mvua huila nta kwanza kabla ya kuila rangi. Baada ya muda nta huisha, nawe hupaka nyingine.

Mfugaji ataelewa jambo hili upesi. Dawa ya kupe hurudiwa mara kwa mara kwa sababu nguvu zake huisha mwilini mwa ng'ombe. Kukata kwato ni kazi nyingine: hufanywa kwato zinaporefuka, wala si kila unapompeleka ng'ombe joshoni. Mtu akikata kwato kila juma hatakawia kufikia nyama. Basi nta ni kama dawa ya kupe, na polishi ni kama kisu cha kwato.

Unaponunua mkebe, soma maandishi yake au mwombe mtu akusomee. Ikiwa yasema kwamba dawa hiyo huondoa mikwaruzo na kurudisha mng'ao, hiyo ni polishi. Ikiwa yasema kwamba hulinda rangi, hiyo ni nta. Nyingine huwa zimechanganywa, nta na polishi katika mkebe mmoja. Hizo zihesabu kama polishi, wala usizitumie mara kwa mara.

RANGI YA LEO SI RANGI YA ZAMANI

Wazee waliokuwa na motokaa katika miaka ya 1950 na 1960 watakuambia kwamba walipiga polishi mara nyingi na magari yao yakadumu. Hawakukosea. Rangi ya magari mengi ya wakati ule ilikuwa ya namna moja toka juu mpaka chini. Ikipigwa na jua, ngozi yake ya juu iligeuka kuwa kama unga wa chokaa, na polishi iliuondoa unga huo. Tena rangi yenyewe ilikuwa nene.

Lakini tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vya magari vimebadilisha desturi. Kwanza bati hupakwa dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe unayoiona, iwe nyeupe, nyekundu au ya kijivu. Mwisho kabisa huwekwa tabaka gumu lisilo na rangi, lenye kuonyesha kama kioo. Mafundi wa rangi hapa kwetu huliita klia. Mng'ao wote wa gari watoka katika klia, na dawa ya kuzuia ukali wa jua imo humo.

Sasa angalia unene wake. Tabaka zote za rangi pamoja, toka bati mpaka juu, kwa kawaida ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Klia peke yake ni kama sehemu 4 au 5 za mia moja za milimita. Hii ni nyembamba kuliko karatasi ya gazeti. Hiyo ndiyo akiba yote ya kusugua aliyopewa mwenye gari kwa maisha yote ya gari lake.

Klia ikiisha, hakuna nta wala polishi itakayoirudisha. Rangi hubabuka na kutoka maganda, kwanza paani na kwenye boneti, kwa sababu sehemu hizo ndizo zinazoelekea jua mchana kutwa. Dawa yake ni moja tu, kumwita fundi apige rangi upya. Gharama ya kazi hiyo ni kubwa kuliko bei ya nta ya miaka mingi.

Yafaa pia tukumbuke jua letu. Ikweta yapita katika nchi yetu, karibu na Maseno upande wa magharibi na karibu na Nanyuki upande wa mlimani. Tena mashamba mengi yako juu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, ile miali ya jua inayounguza huzidi kama sehemu moja ya kumi. Mkulima wa Nyahururu, iliyo juu kama mita 2,300, huvaa sweta asubuhi akidhani kwamba jua la kwao ni dogo. Mwili husikia baridi, lakini rangi ya gari inaungua.

Jambo jingine ni la magari ya mtumba. Magari mengi hapa Kenya yaliingia yakiwa yametumika kwingine, hasa Japani, na sheria yetu huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka 8. Gari la namna hiyo huenda lilikwisha kupigwa polishi na mashine mara kadhaa kabla hujaliona, kwa maana kila muuzaji hutaka ling'ae siku ya kuuza. Kwa hiyo usidhani kwamba klia yake bado ni nzima.

Ukitaka kujua kama gari lako lina klia, tafuta mahali pasipoonekana sana, mathalani ndani ya mlango. Weka polishi kidogo sana juu ya kitambaa cheupe, usugue taratibu. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, rangi hiyo ni ya namna ya zamani, isiyo na klia. Kikibaki bila rangi ya gari, klia ipo. Gari likiwa jeupe, jaribio hili ni gumu kusoma kwa kitambaa cheupe, basi tumia cheusi. Matrekta mengi, na baadhi ya malori, hayana klia.

MAADUI WA RANGI SHAMBANI

Gari la mjini lina adui mmoja au wawili. Gari la shamba lina wengi.

Wa kwanza ni vumbi. Ndani ya vumbi la barabara zetu mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi. Mtu apangusapo gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu anapiga msasa bila kujua. Mikwaruzo mingi myembamba inayoonekana kama utando wa buibui gari likiwa juani haikuletwa na safari. Ililetwa na kitambaa.

Wa pili ni mbolea. Mbolea za chumvichumvi huvuta unyevu wa hewa. Punje zikibaki katika pembe za kichanja cha pikapu, hufanya maji ya chumvi, na maji hayo hula bati upesi mahali popote palipokwaruzika. Mkojo wa mifugo na maziwa yaliyomwagika yakachacha hufanya kazi ileile ya uharibifu. Dawa za kunyunyizia mimea nazo zisiachwe zikaukie juu ya rangi.

Wa tatu ni mavi ya ndege na utomvu wa miti. Mavi ya ndege yana asidi. Gari likipata joto, klia hulainika kidogo, na asidi huingia. Jioni gari likipoa, klia hukaza tena, na alama imekwisha kuingia ndani. Kwa hiyo usingoje siku ya kuosha. Weka kitambaa chenye maji juu ya uchafu huo dakika chache mpaka ulainike, kisha uuondoe bila kusugua. Yafaa pia kutoliegesha gari chini ya miti yenye utomvu mwingi, kama misonobari, wala chini ya mti wanaolala ndege.

Wa nne ni hewa ya chumvi, kwa wale walio pwani. Mkulima wa minazi au mikorosho katika Kwale, Kilifi au Lamu sharti aoshe gari lake mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa bara, na aoshe chini yake pia.

Nta haiwaui maadui hawa. Inachofanya ni kuwakawiza, ili upate nafasi ya kuosha kabla madhara hayajafika kwenye rangi.

NTA: MARA NGAPI?

Jibu lategemea mambo mawili: namna ya nta na mahali gari linapolala.

Nta za asili hutengenezwa hasa kwa nta ya karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota Brazili. Hung'aa vizuri, lakini juani hudumu kama mwezi mmoja au miwili tu. Nta zilizotengenezwa kwa dawa za viwandani hudumu zaidi, kama miezi minne hadi sita kwa gari lililotunzwa vizuri. Gari lilalalo nje, lipitalo katika vumbi kila siku na kuoshwa kila juma, lisitumainiwe kufika muda huo wote.

Kwa gari la shamba lilalalo nje, shauri letu ni kutumia nta ya viwandani na kupaka mara nne kwa mwaka. Ili usisahau, fuata majira ya mvua unayoyajua tayari:

Mwisho wa Februari, kabla ya mvua za masika. Upakaji huu ndio mkubwa kuliko yote. Nta hii itazuia maji na matope kwa miezi ya Machi, Aprili na Mei.

Mwezi wa Juni, masika yanapokwisha. Matope yameoshwa, na nta ya Februari imekwisha au imedhoofika.

Mwisho wa Septemba, kabla ya mvua za vuli.

Mwisho wa Desemba, kabla ya jua kali la Januari na Februari.

Ikiwa gari hulala ndani ya banda, mara mbili zatosha: Februari na Septemba. Ikiwa unatumia nta ya asili, paka kila baada ya miezi miwili. Walio katika sehemu ambazo mvua zake hufuata miezi mingine wageuze hesabu kwa majira ya kwao, lakini kanuni ni ileile: nta huwekwa kabla ya taabu kufika.

Tena usiamini kalenda peke yake. Liulize gari. Baada ya kuosha, mwaga maji kidogo juu ya boneti. Yakijikusanya kuwa matone ya mviringo na kuteremka upesi, nta ingalipo. Yakitandaa na kukaa kama maji juu ya meza, nta imekwisha. Jaribu paani na kwenye boneti, wala si milangoni, kwa sababu nta ya juu ndiyo inayoisha kwanza.

Wafugaji wa nyuki huenda wakauliza: kwa nini tusipake nta ya nyuki tuliyo nayo nyumbani? Nta ya nyuki ni nzuri kwa mbao na ngozi. Lakini juu ya gari ikiwa peke yake haifai. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 62 hadi 65 za Selsiasi, na boneti ya rangi nyeusi iliyokaa juani mchana yaweza kufikia au kupita joto hilo. Hata kabla ya kuyeyuka huwa laini na kunata, na vumbi lote la njiani hushikamana nayo. Nta ya karnauba huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 80 kabla ya kuyeyuka. Iuze nta yako ya nyuki kwa bei nzuri, kisha ununue ya gari.

Wala usipake dizeli au mafuta taa ili gari ling'ae, kama wafanyavyo waoshaji wengine. Mng'ao wake ni wa siku moja. Baadaye huvuta vumbi, huyeyusha nta iliyokuwapo, na huharibu mipira ya milango na ya vioo.

POLISHI: MARA NGAPI?

Kwa gari lenye klia, polishi isizidi mara moja kwa mwaka, na miaka mingine isipigwe kabisa. Wala haina mwezi wake katika kalenda. Hupigwa panapokuwa na haja tu, na penye haja tu.

Kabla ya kufungua mkebe wa polishi, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, gari limeoshwa vizuri? Mara nyingi gari hudhaniwa kuwa limefubaa, kumbe lina uchafu tu. Lioshe, likauke, kisha ulitazame kivulini na juani.

Swali la pili: Je, mikwaruzo ni ya juu au ya ndani? Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo. Ukucha usiposhika, mkwaruzo ni wa juu, na polishi nyepesi yaweza kuuondoa. Ukucha ukishika, mkwaruzo ni wa ndani, na polishi haitauondoa. Ukiendelea kusugua utamaliza klia yote inayouzunguka, na mkwaruzo utabaki palepale.

Swali la tatu: Je, ubaya uko gari zima au mahali pamoja? Ikiwa ni mlango mmoja uliokwaruzwa na miiba, piga polishi mlango huo. Usilisugue gari zima kwa kosa la mlango mmoja.

Ukipiga polishi, tumia iliyo nyepesi kuliko zote kwanza, kwa mkono, na usugue kidogo. Jihadhari sana pembeni na kwenye mikunjo ya bati, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba kuliko mahali pengine. Ikiwa fundi anatumia mashine, mwulize kwanza kama anajua rangi ya gari lako ni ya namna gani. Mashine yenye dawa kali mikononi mwa asiyejua yaweza kufika kwenye rangi ya msingi kwa muda mfupi.

Na baada ya polishi sharti kuwe na nta siku hiyohiyo. Polishi imekwisha kuondoa nta yote iliyokuwapo. Rangi iliyopigwa polishi na kuachwa bila nta ni kama ng'ombe aliyeoshwa dawa yote ya kupe kisha akarudishwa porini.

Kwa trekta au lori lisilo na klia, desturi ya zamani bado yafaa: piga polishi unapoona unga wa chokaa juu ya rangi, pengine mara moja au mbili kwa mwaka, kisha paka nta.

JINSI YA KUPAKA NTA

Kazi hii si ngumu. Pikapu moja huchukua muda wa asubuhi moja, na kijana wa nyumbani aweza kufundishwa.

Chagua asubuhi, gari likiwa kivulini na bati likiwa baridi. Nta ikipakwa juu ya bati la moto hukauka kabla hujaitandaza, na kuifuta ni taabu.

Tayarisha ndoo mbili za maji, moja yenye sabuni ya kuoshea magari na moja yenye maji matupu. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia nguo, kwa sababu huondoa nta. Kwanza mwagia gari maji ili vumbi literemke lenyewe. Kisha osha kwa kitambaa laini au sponji, ukianzia paani na kushuka chini. Kila mara suuza kitambaa katika ndoo ya maji matupu kabla ya kukirudisha kwenye sabuni, ili mchanga usirudi juu ya rangi. Kitambaa kilichoanguka chini usikitumie tena mpaka kifuliwe.

Usilipeleke gari mtoni kuliosha. Mafuta na sabuni huenda kwa watu na mifugo wanaokunywa maji upande wa chini. Maji ya mvua ya tangi ni mazuri kuliko yote kwa kazi hii. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi kavu yana chumvi, nayo yakikaukia juu ya rangi huacha madoa meupe. Ukitumia maji hayo, kausha gari mara moja kwa kitambaa laini.

Gari likiisha kukauka kabisa, chukua nta kidogo kwa kitambaa na kuitandaza nyembamba, sehemu moja kwa moja: boneti kwanza, halafu paa, halafu milango. Nta nene haina faida yoyote. Inayozidi yote utaifuta. Ngoja muda ulioandikwa katika mkebe, mpaka ionekane kama ukungu mweupe. Kisha ifute kwa kitambaa kingine, safi na kikavu. Usipake vioo vya mbele, matairi, wala sehemu nyeusi za plastiki zisizopakwa rangi, kwa maana huacha alama nyeupe ngumu kuondoa.

Usisahau ndani ya kichanja, kingo za milango kwa ndani na sehemu ya chini ya madigadi. Hapo hapaonekani, lakini hapo ndipo kutu huanzia. Toa matope yote yaliyogandamana kabla ya kupaka, kwani matope mabichi hukaa na maji muda mrefu baada ya barabara kukauka.

PALIPOTOKA RANGI

Nta haiponyi kutu. Jiwe likirushwa na tairi likatoa rangi mpaka bati likaonekana, usipake nta juu yake ukadhani umemaliza. Safisha mahali hapo, ondoa kutu kwa msasa laini, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya gari. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi ni kazi ya nusu saa. Kidonda hichohicho baada ya masika mawili huenda kikawa tundu.

Gari likipigwa rangi upya na fundi, usiharakishe kupaka nta. Rangi mpya huhitaji kutoa mvuke wake, na nta huifunga. Mwulize fundi muda gani. Kwa kawaida ni siku 30 hadi 90. Katika muda huo losha kwa maji safi tu.

HESABU YA MWISHO

Tuwaze wakulima watatu walionunua pikapu za namna moja mwaka mmoja. Wa kwanza hakupaka kitu. Baada ya miaka michache rangi ya paani imekuwa kama chokaa, na kichanja kina kutu. Wa pili alipiga polishi kila mwezi. Gari lake lilipendwa na kijiji kizima kwa muda, kisha boneti ikaanza kutoka maganda, naye hajui kwa nini, maana hakuna aliyejitahidi kama yeye. Wa tatu alipaka nta mara nne kwa mwaka, akapiga polishi mlango mmoja mara moja tu. Gari lake halikung'aa kushinda la jirani yake, lakini mnunuzi atakapokuja, la kwanza kulitazama ni hilo.

Mwenye kulinda rangi hahitaji nguvu nyingi. Ahitaji kujua lini afanye kazi na lini aache. Kwa hiyo katika daftari lako la shamba, pale unapoandika siku za chanjo na za dawa ya kupe, ongeza mistari miwili. Katika mstari wa nta andika Februari, Juni, Septemba na Desemba, na utie alama kila unapomaliza. Katika mstari wa polishi andika tarehe ya mara ya mwisho na sehemu uliyosugua. Siku mwanao au dereva wako atakapokuja na mkebe wa polishi mkononi, lifungue daftari kwanza. Mstari huo ukionyesha kwamba mwaka haujaisha, mwambie aurudishe mkebe rafuni, alete nta.